Land Rover inakata mafuta mlimani, na pampu ni mpya

Swali: Shikamoo fundi. Nina Land Rover Series III ya mwaka 1978, 109 pikapu, petroli, silinda nne. Niliachiwa na marehemu baba. Ninakaa Iringa na nashuka Ruaha Mbuyuni kuchukua vitunguu. Kushuka haina neno. Wakati wa kurudi, nikifika katikati ya mlima Kitonga na mzigo, inaanza kukosa nguvu, inakohoa, inazimika. Nikisubiri kama dakika ishirini inawaka na kuendelea, halafu mbele inarudia. Fundi wangu ameshaosha kabureta mara kadhaa, kabadilisha plagi, kaweka pampu mpya ya mafuta, na juzi kaongeza pampu ya umeme. Tangu aifunge hiyo ya umeme gari linanuka petroli likisimama, na mlimani bado linazimika. Sasa anasema kabureta imechoka, tutafute nyingine. Ninunue?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Kabureta usinunue.

Jibu lako limo ndani ya swali lako mwenyewe: gari linapona baada ya dakika ishirini. Jeti, kile kitundu chembamba cha kupitisha petroli ndani ya kabureta, ikiziba haizibuki kwa kusubiri. Diaframu ya pampu ikipasuka haijiungi kando ya barabara. Ugonjwa unaoondoka kwa kupumzika unatoka kwenye kitu ambacho kupumzika kunakibadilisha: joto linaloshuka, uchafu unaoachia na kuzama, au hewa inayopata muda wa kupenya mahali ilipozibiwa. Kwenye gari lako vitu vya namna hiyo ni vinne. Kuna tundu la hewa la tangi. Kuna kichujio kilicho ndani ya tangi. Kuna petroli kugeuka mvuke njiani kabla haijafika kwenye kabureta. Na kuna koili pamoja na kondensa, vifaa vya umeme wa kuwashia plagi, ambazo si mambo ya mafuta kabisa, ila zikipata moto huzima gari kwa namna inayowachanganya mafundi wengi.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana gereji. Asubuhi ukilipeleka, gari limelala usiku kucha, limepoa, tangi limeshapumua, uchafu umetulia chini. Fundi anapiga stata, linawaka mara moja. Anafungua paipu, petroli inaruka. Anabaki kubahatisha, na kubahatisha kwa spea ni gharama yako, si yake. Gari la namna hii linapimwa likiwa limezimika, palepale lilipozimikia, ndani ya dakika tano za mwanzo. Likishapoa, itabidi ushuke tena Mbuyuni ulitafute tatizo upya.

Anza kwa kusikiliza linavyokufa, kwa sababu mafuta na moto haviui injini kwa namna moja. Mafuta yakipungua, injini inafifia: unakanyaga pedeli, nguvu haiji, inavuta na kuachia, inapiga chafya kupitia kabureta, na ukiachia pedeli inapata nafuu kidogo kwa sababu mahitaji yamepungua. Hapo jaribu jambo moja ukiwa bado unatembea: vuta choki nusu. Ikichangamka kwa sekunde chache kisha ikafifia tena, injini ilikuwa na njaa ya petroli. Umeme ukikata, mara nyingi injini inanyamaza ghafla kama umezima ufunguo, au inakatakata bila mpangilio huku ikilipua kwenye egzosi, na choki haisaidii kitu. Wewe umeandika "inaanza kukosa nguvu, inakohoa". Hiyo inaegemea upande wa mafuta, lakini kondensa iliyochoka nayo hukohoa, kwa hiyo tusiiondoe bado.

Sasa njia yenyewe, ili tuelewane majina. Petroli inatoka kwenye tangi lililo chini ya kiti cha mbele, inanyonywa na bomba linaloshuka ndani ya tangi likiwa na wavu mwembamba mwishoni, inapita kwenye paipu ya chuma na vipande vya mpira hadi kwenye pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini. Pampu hiyo inaendeshwa na kamshafti, inapiga mara moja kwa kila mizunguko miwili ya injini. Toka hapo inasukuma kwenda kwenye kabureta, ambayo kwenye Series III ya silinda nne ni Zenith 36 IV kama hakuna aliyeibadilisha. Kila kitu kabla ya pampu ni upande wa kunyonya, kila kitu baada yake ni upande wa kusukuma. Ushike mgawanyo huu, maana pande hizi mbili zina tabia tofauti. Upande wa kusukuma ukiwa na ufa, unaona petroli inadondoka na unasikia harufu. Upande wa kunyonya ukiwa na ufa, huoni tone lolote: unavuta hewa. Mpira mkavu unaoonekana mzima unaweza kuwa ndio unaokulaza njiani.

Safari ijayo, chukua mtu wa kukusaidia, galoni la maji, kitambaa, bisibisi, na kizimamoto. Likizimika Kitonga, kwanza toka barabarani kabisa. Pale malori yanashuka na breki za moto, si mahali pa kuinamia boneti huku mgongo uko barabarani. Tafuta pa kuegesha, weka jiwe nyuma ya tairi, weka alama zako. Asivute mtu sigara.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla ya boneti: fungua kifuniko cha tangi taratibu na utege sikio. Ukisikia hewa inaingia kwa kishindo, "fsss", usiguse kitu kingine. Kifunge bila kukaza, piga stata. Likiwaka na kupanda bila manung'uniko, umemaliza kazi ya wiki nzima kwa sekunde kumi.

Ninalianza hili kwa sababu ninashuku jambo fulani. Hizi gari mlimani zikiwa zimejazwa tangi, petroli inachuruzika kwenye kifuniko na kunuka ndani. Dawa ya mtaani inajulikana: kipande cha nailoni chini ya kifuniko, au mpira uliokatwa kwenye tyubu ya tairi. Harufu inaisha kweli, na pumzi ya tangi nayo inaisha. Tangi lisilopumua ni kama kopo la maziwa lililotobolewa tundu moja: linatoa kidogo, kisha linagoma. Pampu inaendelea kuvuta, ndani panabaki ombwe, mpaka ombwe linaishinda pampu. Ukisimama, hewa inapenya polepole kwenye nafasi ndogondogo, na baada ya dakika kadhaa gari linawaka kama halikuwa na lolote. Angalia chini ya kifuniko chako leo jioni, pengine marehemu mzee mwenyewe aliweka kitu. Kisha kumbuka: je, linazimika mapema zaidi ukiwa umetoka kujaza tangi? Kama ndiyo, shaka yangu inaongezeka, kwa sababu tangi likijaa nafasi ya hewa iliyobaki ni ndogo, na ombwe linajengeka haraka. Tangi lililo nusu linachukua muda mrefu kufika hapo. Angalia pia kuta za tangi. Zikiwa zimebonyea kuelekea ndani, limekuwa likinyimwa pumzi siku nyingi. Dawa ni kuondoa hiyo nailoni, kuzibua tundu la kifuniko, kukagua mpira wa pumzi unaotoka juu ya tangi kwenda kwenye shingo ya kujazia usiwe umekunjika, na kuweka gasketi sahihi ya kifuniko. Ukiitaka kinga ya kuchuruzika, usijaze mpaka shingoni kabla ya kupanda.

Kama hakuna mlio wowote, fungua boneti. Toa mpira mkubwa wa hewa ulio juu ya kabureta, chungulia kooni mwake, na kwa mkono wako sukuma mkono wa eksileta mara moja, injini ikiwa imezimwa. Unapaswa kuona mchirizi mwembamba wa petroli ukirushwa ndani. Mchirizi huo unatoka kwenye chumba cha floti, yaani kibakuli cha kabureta kinachotunza petroli. Ukirushwa kwa nguvu, na ukarudia ukapata tena na tena, basi chumba kina petroli, na injini iliyozimika huku chumba kimejaa haikufa kwa njaa. Nenda kwenye umeme. Ukitoka mchirizi dhaifu mara moja kisha pakavu, chumba ni kitupu na tunaendelea kurudi nyuma kuelekea kwenye tangi. Usishawishike kumimina petroli kwa kikopo kooni mwa kabureta ili "kuiamsha". Injini ikilipua kinyumenyume, moto unakukuta usoni.

Pampu ya asili ya gari hili ilikuwa na kikombe cha kioo chini yake na kimkono kidogo cha kupigia kwa kidole. Pampu nyingi za kubadilishia zinazouzwa sasa hazina kikombe. Kama ile ya zamani hujaitupa, itunze, nitakwambia kwa nini. Kama iliyofungwa ina kimkono, kipige. Ukikuta kinacheza bila uzito wowote usiseme pampu imekufa: huenda kamshafti imesimama mahali inapoinua mkono wa pampu, na hapo kimkono hakina kazi ya kufanya. Zungusha injini duru moja, jaribu tena. Ukiupata uzito, piga mara kadhaa. Kama kuna petroli, uzito unapungua chumba cha floti kikishajaa, na gari litawaka. Kama unapiga tu na mchirizi haurudi, aidha pampu inavuta hewa au haina cha kuvuta.

Na hapa ndipo kitambaa kinapoingia. Kilowanishe, kifunge kwenye pampu na kwenye paipu ya kutoka tangini inapokaribia injini. Usimwagie maji koili, wala distribyuta. Ukilowanisha vyote pamoja halafu gari likawaka, hutajua ulichoponya. Subiri dakika mbili tatu, piga stata. Likiwaka hapo badala ya kusubiri zile ishirini zako, petroli ilikuwa inachemka njiani.

Hilo la kuchemka linahitaji maelezo, maana watu wanalisikia na kulidharau. Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi zinaanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi. Upande wa kunyonya mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu pampu inapovuta inashusha msukumo ndani ya paipu, na kimiminika kwenye msukumo mdogo kinachemka mapema. Bonde la Mibuyu pale chini lina joto, umepakia vitunguu hadi juu ya kenchi, unapanda kwa gia ya pili, hewa inayopita kwenye rejeta ni kidogo na boneti imebeba tairi la spea. Pampu imeshikana na injini, inapata moto wake wote. Ikijaa mvuke, inabana na kuachia mvuke huohuo bila kusogeza petroli. Injini ikizimwa joto la chini ya boneti linapanda kwanza kabla halijashuka, ndiyo maana dakika tano za mwanzo haliwaki na dakika ya ishirini linawaka.

Kuna wanaosema ni hewa nyembamba ya milimani. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ni kweli, lakini hewa ikiwa nyembamba kabureta hutoa mchanganyiko wenye petroli nyingi kuliko inavyotakiwa, si kidogo. Ungeona moshi mweusi na ulaji mkubwa, si njaa. Kinachokusumbua ni mzigo na joto, na mwinuko wa gari lenyewe: pua ikielekea juu, tangi liko chini zaidi ya pampu na pampu ina kimo kikubwa zaidi cha kuinua.

Kama kitambaa ndicho kilichokuonyesha njia, tazama paipu ilivyopitishwa. Kiwandani ilishikwa kwa vibanio, mbali na egzosi. Baada ya miaka na mafundi kadhaa, vibanio vimeanguka na paipu imelalia bloku au imesogea kwenye manifoldi. Irudishe mbali, ifunge vizuri, weka bati la kuzuia joto kati yake na manifoldi. Angalia chini ya kabureta kama kile kipande kinene cha kuzuia joto kipo. Kikipasuka mafundi hukata gasketi ya kadibodi badala yake, na kabureta inakaa inakaangwa. Hakikisha pia injini yenyewe haichemki na taiming haijachelewa, maana taiming iliyochelewa inapeleka moto mwingi kwenye egzosi.

Tuje kwenye tangi, kwa sababu gari la 1978 lina kutu, hilo halina mjadala. Vipande vya kutu vinaelea, vinavutwa kwenye wavu wa bomba la kunyonyea na kuuziba. Ukizima, mvuto unaisha, vinaachia na kuzama. Unawaka tena, unaenda kilomita kadhaa, vinarudi. Dalili ni zilezile za kifuniko kilichozibwa, tofauti ni kwamba hakuna mlio ukifungua. Kipimo chake ni rahisi: fungua kifuniko cha tangi, chomoa paipu kwenye mdomo wa kuingilia pampu, na puliza kurudi tangini kwa pampu ya baiskeli. Msaidizi aliyeweka sikio karibu na shingo ya tangi asikie mapovu mazito. Kama mwanzoni unakuta ukinzani kisha ghafla unaachia, na gari likapanda vizuri kwa muda kabla ya kurudia ugonjwa, tangi lishushwe. Usitumie kompresa ya gereji na kifuniko kimefungwa, utalipasua. Na usinyonye petroli kwa mdomo. Najua kila mtu anafanya. Ikiingia kwenye mapafu inaunguza vibaya, na hata kidogo kinatosha.

Kushusha tangi ni kazi ya nusu siku. Toa kiti na bati lake, mwaga petroli kwa tundu la chini, chomoa bomba la kunyonyea uone wavu kwa macho yako. Wavu ukiwa umeoza usiutupe na kuacha bomba wazi, badilisha. Ndani ya tangi weka kokoto safi za mto pamoja na maji ya sabuni, litikise mpaka mikono ichoke, suuza, kausha juani kwa siku mbili. Asije mtu kuchomelea tundu kwenye tangi lililowahi kuwa na petroli kwa kuwa "limekauka". Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Hapo ndipo pampu ya zamani inapofaa. Fungua kile kikombe cha kioo, kimimine kwenye sahani nyeupe. Matone ya duara yanayokaa chini bila kuchanganyika ni maji. Unga mwekundu ni kutu ya tangi. Chembe nyeusi laini ni mpira unaooza kwa ndani, maana mipira mingi ya bei nafuu haiivumilii petroli ya sasa na inamomonyoka huku nje ikiwa inang'aa. Badilisha kila kipande cha mpira kutoka tangini hadi kwenye kabureta kwa mpira wa petroli, si wa maji wala wa gesi, na tumia klipu, si waya. Ni kazi ya bei ndogo ambayo ningeifanya hata kama kosa liko kwingine.

Kuona kama upande wa kunyonya unavuta hewa, funga kwa muda filta ya plastiki inayoonyesha, kabla ya pampu. Ukiona mapovu yanapita mfululizo injini ikiwa inaunguruma, kuna ufa au kiungo kilicholegea kati ya hapo na tangi. Lakini usiogope ukiona filta imejaa nusu tu. Filta ikilala, hewa inabaki juu na petroli inapita chini bila shida yoyote. Mafundi wengi wameuza pampu kwa sababu ya filta nusu. Na ukimaliza kipimo, usiiache karibu na egzosi.

Pampu ya mitambo inapimwa hivi. Gari likiwa limepoa, mahali pa wazi, chomoa paipu kwenye kabureta, unganisha mpira mrefu unaopeleka petroli kwenye chupa iliyo mbali na injini, msaidizi akishika kizimamoto. Washa. Petroli iliyobaki kwenye chumba cha floti inatosha kuendesha injini kwa muda mfupi bila mzigo. Injini ya aina hii, ikivuta kwa nguvu zote, inakula karibu lita 20 kwa saa, yaani theluthi moja ya lita kwa dakika. Kwa hiyo ukiizungusha kwa kasi iliyozidi kidogo sailensa, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga pedeli, katika nusu dakika unataka kuona zaidi ya theluthi moja ya chupa ya maji ya nusu lita, mipigo ya nguvu, bila mapovu. Ikitimiza hapo, pampu haina kosa. Isipotimiza, rudia kipimo pampu ikinyonya kutoka kwenye kidumu kilichowekwa chini pembeni ya gari. Ikipona kwa kidumu, kosa liko kati ya pampu na tangi. Isipopona hata hapo, pampu yako "mpya" ni mbovu, na zipo nyingi za namna hiyo madukani.

Sasa hiyo pampu ya umeme. Itoe wiki hii. Zenith yako imetengenezwa kupokea msukumo mdogo, takriban psi 1.5 hadi 2.5. Pampu za umeme za madukani, hata zile zinazoitwa za kabureta, mara nyingi hutoa mara mbili yake au zaidi, na sindano ya floti haiwezi kuzuia. Petroli inafurika, ndiyo harufu unayoisikia ukisimama. Harufu hiyo haina uhusiano na kuzimika mlimani. Ni ugonjwa wa pili ulioletwa na dawa. Kama ameifunga ndani ya boneti, haisaidii hata kwenye mvuke, kwa sababu pampu hizo ni za kusukuma na mahali pake ni chini, karibu na tangi. Na kama waya wake umetoka moja kwa moja kwenye ufunguo, gari likipinduka itaendelea kumwaga petroli wakati wewe unatafuta mlango. Ukishaitoa, chomoa stiki ya oili unuse. Ikinuka petroli, au kipimo kimepanda kupita alama, mwaga oili na ubadilishe filta yake kabla hujaenda popote. Petroli ikifika kwenye oili, beringi za injini zinasagika.

Kabureta yenyewe ina ugonjwa wake wa ukoo. Uso unaokutana na kifuniko cha juu unapinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, na petroli inapenya mahali isipotakiwa. Utaijua kwa sailensa isiyotulia na skrubu ya mchanganyiko isiyobadilisha kitu ukiizungusha. Dawa ni msasa laini juu ya kioo bapa, taratibu, mpaka nyuso zikutane, pamoja na mpira mpya wa duara. Fundi wako akiifungua tena, mwombe asizibue jeti kwa uzi wa waya wa breki ya baiskeli. Tundu la jeti limechongwa kwa kipimo, na likikwaruzwa hapana rudi. Hewa inatosha, au uzi wa nailoni wa kuvulia. Na aangalie kama ile washa chini ya kiti cha sindano imerudishwa. Unene wake ndio unaopanga kimo cha petroli.

Mafuta yaliyochakachuliwa sikuyasahau. Dondoshea petroli yako tone moja kwenye karatasi nyeupe, ikauke kivulini. Petroli safi inaondoka bila alama. Ikiacha doa la mafutamafuta, kuna mafuta ya taa ndani yake, badilisha kituo. Lakini uchakachuaji ungekusumbua hata Iringa mjini asubuhi, si Kitonga tu.

Umefanya yote hayo, mchirizi wa kabureta unaruka vizuri na gari bado limekufa: funga petroli yote, hakikisha hakuna kilichomwagika, acha boneti wazi hewa ipite, ndipo ujaribu moto. Chomoa waya mkubwa wa katikati kwenye kifuniko cha distribyuta, ushike kwa koleo yenye mpira, ncha yake iwe milimita tano hivi kutoka kwenye bloku, msaidizi apige stata. Cheche ya bluu inayolia ni nzima. Cheche nyembamba ya rangi ya chungwa, au hakuna kabisa, ni koili au kondensa. Anza na kondensa kwa kuwa ni rahisi na inabadilishwa kando ya barabara, na uirudishe pointi, ile swichi ndogo iliyo ndani ya distribyuta, kwenye mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.40 ukiwa hapohapo. Kondensa ya zamani, kama ilitoka na gari na ilikuwa inafanya kazi, usiitupe. Za siku hizi hazina uhakika, na huenda ukaihitaji tena kabla ya kufika Ilula.